Umejaribu kuacha pombe peke yako ukashindwa? Kuna kiti chako kikundini

JUMATATU asubuhi umeapa. Kichwa kinagonga, mfuko hauna kitu, na ujumbe wa kukukumbusha deni la simu umeingia kabla hujanawa uso. Unajiambia, "Mimi na pombe basi." Jumanne uko sawa. Jumatano uko sawa. Alhamisi rafiki yako anapiga simu: wasee wako base, njoo tu ukae nasi, si lazima unywe. Kufikia Ijumaa usiku ahadi imevunjika, na wewe mwenyewe hujui ilivunjika saa ngapi.

Kama umezunguka mduara huu mara tatu, nne au kumi, makala haya yanakuhusu. Hayatakuhubiria. Yatakueleza kuhusu kitu ambacho vijana wengi nchini wamekisikia kwa jina tu: kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Unakipata vipi? Ukifika mlangoni utakuta nini? Na kwa nini mtu aliyeshindwa akiwa peke yake huweza akiwa na wenzake?

Kwanza ujue hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya kila 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Jaza basi watu 40 wa umri huo, na kwa wastani wawili kati yao wanapigana vita unavyopigana wewe. Tofauti ni kwamba kila mmoja anavipigana kimya kimya, akidhani ni yeye tu.

Je, una shida kweli?

Hili ndilo swali linalowachelewesha vijana. Una miaka 24, una kazi au uko chuoni, unaoga, unavaa vizuri. Ukisikia "mlevi" unamwona yule mzee anayelala kando ya njia mtaani kwenu. Basi unajiambia bado.

Mwaka wa 1984 jarida moja la madaktari nchini Marekani lilichapisha maswali manne ya Dkt John Ewing, ambayo wahudumu wa afya huyatumia hadi leo. Yajibu bila kujidanganya, maana hakuna anayekuangalia.

Umewahi kuhisi kwamba unafaa kupunguza kunywa? Umewahi kukasirika watu wakikusema kwa sababu ya pombe? Umewahi kujihisi vibaya au kujilaumu kwa sababu ya kunywa kwako? Umewahi kuamka na kunywa kabla ya kitu kingine chochote, yaani kuzimua, ili mwili utulie?

Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, usijiite jina lolote bado. Lakini ujue kuna jambo linalohitaji kuangaliwa.

Kusubiri mpaka maji yakufike shingoni kuna bei yake. Pombe hupanda na pesa hushuka. Aliyeanza na bia ya wikendi hufika mahali mfuko haumudu tena, akaanza kutafuta kinacholewesha haraka kwa bei ya chini. Huko ndiko kuna hatari nyingine kabisa. Mnamo Mei 2014, pombe yenye sumu iliua watu wengi katika kaunti za Embu, Kiambu na nyinginezo. Februari 2024, ikaua tena watu wasiopungua 17 Kirinyaga. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka nyumbani akijua hiyo ndiyo chupa ya mwisho.

Kabla ya kuacha ghafla, soma hapa

Hapa ni muhimu kuliko sehemu nyingine yote. Ikiwa unakunywa kila siku, au mikono hutetemeka asubuhi mpaka upate kidogo, usiache ghafla ukiwa umejifungia kejani peke yako. Zungumza kwanza na daktari.

Mwili uliozoea pombe hulalamika ikiondolewa. Kwa dawa nyingine za kulevya, watu wa Pwani huita hali hiyo arosto. Kwa pombe, kutetemeka, jasho, kutapika na kukosa usingizi huweza kuanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Wengine hupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za kwanza. Wachache, kati ya siku ya pili na ya nne hivi, huchanganyikiwa, wakaona na kusikia vitu ambavyo havipo, huku moyo ukienda mbio. Hali hiyo huua.

Hospitalini kuna dawa za kutuliza mwili katika siku hizo. Ni kazi ya siku chache, na si aibu. Ukimwona mwenzako ameacha pombe jana na leo ana kifafa au anaongea na watu usiowaona, usimwombee tu wala usimpe "kidogo ya kumtuliza". Mpeleke hospitali mara moja.

Kikundi hakichukui nafasi ya daktari. Daktari hutuliza mwili. Kikundi hukusaidia Alhamisi ile simu ikilia.

Wazo hili lilitoka wapi?

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA. Kilianzia mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka wa 1935.

Bill Wilson alikuwa mfanyabiashara wa soko la hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Alienda Akron kwa shughuli ya kibiashara, shughuli ikaharibika, akabaki hotelini hana pesa na ana uchungu. Baa ya hoteli ilikuwa pale pale. Badala ya kuingia, alienda kwenye simu akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa, akiuliza kama kuna mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Hakutafuta daktari wala mhubiri wa kumwombea. Alitafuta mlevi mwenzake.

Aliunganishwa na Dkt Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye pombe ilikuwa imemshinda kabisa. Daktari huyo alikubali kumpa dakika 15. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Kilichomshika ni kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa akizungumza na mtu anayeijua hali hiyo kwa sababu ameishi ndani yake.

Sikiza jambo lingine ambalo watu hulisahau. Baada ya mazungumzo hayo, Dkt Smith alisafiri kwenda kwenye kongamano la madaktari akalewa tena. Akarudi, akaanza upya. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayokumbukwa kuwa ndiyo aliyokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo AA huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa. Yaani hata mmoja wa waanzilishi alianguka.

Je, inafanya kazi? Mwaka wa 2020, watafiti wa Cochrane walijumlisha tafiti 27 zilizohusisha watu zaidi ya 10,000. Walipata kwamba mipango ya matibabu inayowaunganisha watu na AA hufanya vizuri angalau sawa na tiba nyingine zinazotambuliwa. Katika kumsaidia mtu kuacha pombe kabisa na kukaa bila kunywa, mara nyingi ilifanya vizuri zaidi. Si muujiza, na si kila mtu humfaa. Lakini kwa kitu kisicholipishwa, hicho si kidogo.

Unakipata vipi?

Anza na simu. NACADA ina nambari ya 1192, bila malipo, usiku na mchana. Huna haja ya kueleza maisha yako yote. Sema tu: "Natafuta kikundi cha kunisaidia kuacha pombe, niko mahali fulani." Uliza mambo matatu: kinakutana wapi, siku gani na saa ngapi, na kama mkutano ni wa wazi au wa wanachama pekee. Mkutano wa wazi mtu yeyote anaweza kuingia, hata dada yako anayekusindikiza. Ule mwingine ni wa wenye shida ya pombe tu, na wewe unayetaka kuacha unahesabiwa kuwa mmoja wao tangu siku ya kwanza.

Njia ya pili ni hospitali. Uliza katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Jijini Nairobi, hospitali ya Mathari imewahudumia waraibu kwa miaka mingi. Ukiwa chuoni, ingia katika ofisi ya ushauri nasaha. Washauri wengi wanajua vikundi vilivyo karibu hata kama havina bango.

Usishangae ukielekezwa kwenye ukumbi wa kanisa. AA si kanisa. Hutafuta ukumbi wa bei nafuu tu, na makanisa huwa na kumbi.

Kabla hujalipa nauli, piga simu uhakikishe. Vikundi hivi huendeshwa na wanachama wenyewe, na saa au ukumbi huweza kubadilika. Hakuna kinachovunja moyo kama kujikaza wiki nzima, kisha ufike ukute kufuli.

Kama unaishi mahali hakuna kikundi, kuna mikutano ya intaneti, mingine kila siku. Unaweza kuzima video ukasikiliza tu, na bando haliishi haraka. Tena desturi ya AA ni kwamba watu wawili au watatu wakikutana ili wakae bila pombe, hicho tayari ni kikundi. Mtaani kwenu huenda mko wawili ambao hamjaambiana.

Jambo la mwisho hapa ni pesa. AA hailipishi ada ya kujiunga wala ya kuhudhuria. Kuna kikapu hupitishwa ili kulipia ukumbi na chai, na mgeni hatarajiwi kutoa kitu. Pia haipokei michango kutoka nje, iwe ya mwanasiasa au kampuni ya bia. Mtu akikuitisha elfu kadhaa "za usajili wa AA", hiyo si AA. Ondoka.

Ukifika mlangoni

Hapa ndipo wengi hurudi. Unasimama ng'ambo ya barabara, unajifanya unaongea na simu, unahesabu walioingia. Basi acha tukueleze kinachoendelea ndani.

Kuna viti, mara nyingi vimepangwa kwa mduara au kama darasani. Kuna mtu anayeongoza, ambaye si bosi wala daktari. Ni mwanachama aliye zamu. Anafungua, kunakuwa na kimya kifupi au sala, kisha mtu anasoma maneno machache kuhusu kikundi ni nini. Hakuna anayekuitisha kitambulisho.

Halafu watu wanazungumza, mmoja baada ya mwingine. Anasema jina lake la kwanza, anasema kwamba yeye ni mlevi, na wengine wanamsalimu kwa jina hilo. Anasimulia: alikuwaje, ikawaje, sasa yukoje. Mwingine ana miaka kumi bila pombe, mwingine ana siku tatu. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayemjibu, hakuna anayemshauri mbele ya watu. Akimaliza wanamshukuru, zamu inasonga.

Zamu ikifika kwako si lazima useme chochote. Maneno matatu yanatosha: "Leo nimekuja kusikiliza." Hakuna atakayekununia. Si lazima hata ujiite mlevi. Sharti pekee la kuingia AA ni kutaka kuacha kunywa. Hawaulizi umeacha lini. Wanauliza kama unataka.

Baada ya saa moja au moja na nusu hivi, mkutano unafungwa. Usitoroke upesi. Ile chai ya baadaye, watu wakiwa wamesimama wanapiga stori, ndiyo mara nyingi hukufungua mdomo.

Sasa zile hofu.

"Nitakutana na mtu anayenijua." Inawezekana, hasa katika mji mdogo. Labda ni mwalimu wako wa zamani, labda ni mwenye duka la mtaani. Lakini yeye naye yuko ndani ya chumba hicho hicho, kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni ni kwamba unayemwona humo na unayoyasikia humo yanabaki humo. Kanuni hiyo inakulinda wewe, na inakufunga wewe pia. Usipige picha. Usiweke kwenye status.

"Ni wazee watupu." Huenda. Mikutano mingine utakuwa kijana peke yako. Ukiwa na miaka 23 na ukamsikia wa miaka 50 akieleza alivyopoteza kazi, ndoa na shamba, usitafute tofauti zenu. Jiulize yeye alikuwa wapi akiwa na miaka 23. Mara nyingi atakueleza mwenyewe, na itakuwa kama anasoma simu yako.

"Ni mambo ya Kikristo." AA huzungumza kuhusu Mungu, lakini kwa maana kwamba kila mtu ana namna yake ya kumwelewa. Mwislamu anayekunywa Mombasa au Garissa hubeba aibu mara mbili, ya ulevi na ya dini, na kwa sababu hiyo hujificha zaidi. Naye ana kiti humo. Ikiwa wewe huamini lolote, wengi kama wewe hulichukua kundi lenyewe kuwa ndilo lenye nguvu kuwashinda. Na kama hilo bado halikukai, kuna SMART Recovery, mpango usio na dini unaofundisha mbinu za kudhibiti fikra na tamaa, nao una mikutano ya intaneti.

"Mimi ni msichana, watanionaje?" Jamii yetu humsamehe mwanaume mlevi kwa mzaha na kumhukumu mwanamke kwa glasi hiyo hiyo. Ndiyo maana wasichana wengi hunywea ndani ya nyumba, na shida yao huchelewa kuonekana. Uliza kama kuna mkutano wa wanawake, au nenda na rafiki kwenye mkutano wa wazi. Halafu uwe macho kama ungekuwa macho mahali pengine popote. Wengi humo ni watu wema, lakini wapo wanaomwendea mgeni kwa nia nyingine. Nambari za simu chukua za wanawake wenzako. Anayetaka mkutane nyumbani kwake "akusaidie zaidi" mwambie hapana.

Mkutano mmoja hautoshi

Kosa kubwa ni kwenda mara moja, kutopapenda, na kusema, "Nilijaribu AA, haikunifaa." Kila kikundi kina tabia yake. Kimoja kina kelele na vicheko, kingine kimetulia, kingine kina mzee mmoja anayeongea sana. Jipe angalau mikutano sita, katika zaidi ya kikundi kimoja ukiweza, ndipo uamue. Kwingine mgeni huambiwa ahudhurie mara 90 kwa siku 90. Kwetu nauli na umbali huenda visikuruhusu. Basi changanya: ukumbini mara moja au mbili kwa wiki, kwa simu siku nyingine.

Chagua saa kwa akili. Sheria ya mwaka wa 2010 ya kudhibiti pombe, ile tunayoiita sheria ya Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za wiki. Mwenye kunywa anajua maana ya saa hiyo. Umetoka kazini, umechoka, njia ya nyumbani inapita mlangoni mwa baa. Mkutano wa saa kumi na mbili jioni haukupi tu maneno ya kusikiliza. Unakupa mahali pa kuwa.

Omba nambari tatu za simu kabla ya kuondoka. Zijaribu ukiwa sawa, usingoje siku ya dhoruba, kwa sababu siku hiyo simu itakuwa nzito kama jiwe. Baadaye, tafuta sponsa. Huyu ni mwanachama wa jinsia yako aliyekaa muda bila pombe, atakayekupitisha katika zile hatua 12 za AA. Kwa kifupi ni hizi: kukubali kwamba pombe imekushinda, kuomba msaada, kujichunguza bila kujipendelea, kuwarudia uliowakosea na kurekebisha, kisha kumsaidia mwingine. Sponsa halipwi, na si mchumba, mkopeshaji wala mwajiri.

Wazoefu pia hufundisha kuangalia mambo manne kila tamaa inapokuja: njaa, hasira, upweke na uchovu. Kabla ya kusema "nataka pombe", jiulize umekula saa ngapi, nani amekukasirisha, ni lini ulizungumza na mtu, na umelala kiasi gani. Mara nyingine sahani ya githeri na usingizi hushinda vita ambavyo ungedhani vinahitaji maombi ya mkesha.

Na wale wa base? Hapa ndipo noma. Rafiki zako si maadui, lakini urafiki wenu umejengwa juu ya meza ya pombe, na ukiiondoa meza hamjui mkae wapi. Wiki ya kwanza "niko kwa dawa" itakuokoa, kila Mkenya anaielewa. Lakini dawa huisha, na wataanza kukuuliza. Chagua mmoja unayemwamini umwambie ukweli: "Nimeacha, nisaidie." Kwenye harusi au ruracio, shika soda yako mapema, maana mkono mtupu hualika glasi. Na uwe na nauli yako ya kuondoka, usitegemee gari la mtu anayekunywa.

Aliyetoka rihabu anahitaji kikundi zaidi ya wote. Familia imeuza ng'ombe au imefanya mchango, umekaa ndani miezi mitatu, umenenepa, umerudi. Kisha unarudi katika keja ile ile, njia ile ile, simu zile zile. Rihabu ilikuweka mbali na pombe kwa muda. Kikundi kinakufundisha kupita karibu nayo kila siku.

Ukianguka, rudi. Rudi kesho yake, hata kama bado unanuka. Usingoje "ujisafishe kwanza". Aibu itakuambia watakucheka, lakini nusu ya watu walio humo wamewahi kuketi pale pale ukiwa wewe leo. Zile siku 40 ulizokaa bila kunywa hazijafutika. Zimekuonyesha unaweza, na siku ya 41 imekuonyesha mahali penye shimo.

Mathe pia amechoka

Pombe yako haikukunywa wewe tu. Mama yako hajalala akisubiri mlango ugongwe. Mpenzi wako anapekua mifuko. Mdogo wako amejua kukuvua viatu. Wao pia wana mahali pao: Al-Anon, vikundi vya jamaa za walevi vilivyoanzishwa mwaka wa 1951 nchini Marekani, Lois, mkewe Bill Wilson, akiwa miongoni mwa waanzilishi. Humo hawafundishwi jinsi ya kukuachisha. Wanajifunza kwamba si wao waliokulevya, na kwamba kukulipia madeni na kukudanganyia kwa mwajiri si kukusaidia. Al-Anon nayo ina mikutano ya intaneti, kwa hivyo hata mama aliye mbali na mji anaweza kuingia akiwa na simu ya mjukuu.

Kama wewe ndiye mzazi au dada unayesoma haya kwa sababu ya mtu wako, usimburute kwa nguvu. Mpe nambari, mwambie utamsindikiza, na umwachie nafasi ya kukubali. Wewe anza kwenda kwa ajili yako mwenyewe.

La kufanya wiki hii

Usipange kuacha pombe maisha yako yote. Mpango huo ni mkubwa, na utakuogopesha mpaka ukanywe. Wanachama wa AA huhesabu leo tu: leo sinywi, ya kesho tutaiona kesho.

Kwa hivyo leo fanya mambo mawili. Piga 1192 uulize mahali na saa, kisha uandike siku hiyo kwenye simu yako kama unavyoandika siku ya mahojiano ya kazi. Kama unatetemeka asubuhi, tangulia hospitalini. Kama umefika mahali unafikiria kujiua, usisubiri mkutano: nenda hospitali iliyo karibu au piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo pia hailipishwi.

Siku ikifika, toka mapema, beba nauli ya kwenda na kurudi, na ukae hata kiti cha nyuma karibu na mlango. Wakikuuliza jina, wape la kwanza tu. Hilo linatosha.